Dakika 48 katika nafasi isiyo yake

"Yaya, huyu murefu hivi unamuweka namba moja? Watatupiga sana!"

Mdogo wangu alisema hivyo jioni moja hapa Makiso, Kisangani, ameinamia simu yangu, umeme umekatika na mwanga wote chumbani ni wa kioo cha simu. Alikuwa na haki ya kushtuka. Katika timu yangu ya BuzzerBeater nilikuwa na kijana wa miaka 18, kimo chake sentimita 203, mwenye kila dalili ya kuwa namba tano, yaani pivoti, mtu wa kusimama chini ya kikapu na kugombea mipira inayorudi. Nami nilikuwa nimempanga alete mpira mbele na kuwagawia wenzake, kazi ambayo kwa kawaida hupewa mfupi mwepesi. Mechi ilipochezwa tulifungwa kwa tofauti ya pointi 31. Juma lililofuata nikampanga palepale.

Nilimwahidi mdogo wangu maelezo, na haya ndiyo maelezo yenyewe, kwa urefu kuliko alivyotaka. Yana hesabu kidogo. Hesabu hiyo nimeanza kuiona pia kwenye viwanja vya saruji vya mji wetu, ambako hakuna kompyuta inayoweka kumbukumbu ya nani amecheza wapi na kwa dakika ngapi.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa asiyeujua. BuzzerBeater ni mchezo wa basketi wa kwenye intaneti ambamo wewe ni meneja. Hakuna kitufe cha kurusha mpira. Unanunua na kuuza wachezaji, unalipa mishahara, unaajiri kocha, unapanga kikosi na mbinu, kisha mechi inachezwa yenyewe kwenye kompyuta za wenye mchezo, uwe macho au umelala. Kwa mtu wa Kisangani hilo ni jambo kubwa. Umeme unaweza kwenda jioni na kurudi kesho yake, mega zinaweza kuisha robo ya tatu ikiendelea, na timu yako isidhurike, kwa kuwa kikosi ulishakiacha kimepangwa. Unachodaiwa ni muda mfupi mara tatu kwa juma, na subira nyingi. Msimu una majuma 14, na kila msimu mchezaji anaongeza mwaka mmoja wa umri.

Kila mchezaji ana ujuzi wa aina kumi unaohusu kucheza. Wa nje ni mtupo, masafa ya mtupo, kudunda mpira, kupenya, pasi na ulinzi wa nje. Wa ndani ni mtupo wa karibu na kikapu, ulinzi wa ndani, ribaundi na kuzuia mitupo. Pumzi na mitupo huru vinahesabiwa kando. Kila ujuzi una ngazi, na ngazi zenye majina ni 20, kuanzia majina ya kudharaulika hadi majina ya kutukuka. Kazi ya meneja anayelea vijana ni kuwapandisha ngazi hizo moja baada ya nyingine.

Mtu hupandishwaje? Kila juma timu nzima hufanya zoezi la aina moja tu. Ukichagua pasi, ni pasi; ukichagua ribaundi, ni ribaundi. Lakini zoezi hilo halimfikii kila mtu. Linamfikia yule tu aliyecheza mechi za juma hilo katika nafasi ambayo zoezi linaihusu. Zoezi la pasi linawafaidisha waliocheza mbele, namba moja au mbili. Zoezi la kuzuia mitupo linawafaidisha waliocheza chini, namba nne au tano. Na mchezaji anapata faida yote ya juma akitimiza dakika 48 katika nafasi hiyo. Akicheza 24, anapata sehemu tu. Hata kocha uliyemwajiri kwa mshahara mkubwa hawezi kumfundisha pasi mtu aliyekaa juma zima chini ya kikapu.

Kwa hiyo mchezaji anajifunza kazi ya mahali aliposimama. Kijana wangu wa sentimita 203 hakuwa na njia nyingine ya kupata pasi na ulinzi wa nje ila kucheza mahali ambapo pasi na ulinzi wa nje vinahitajika, siku ambayo bado hana hata kimoja. Ndiyo sababu ya zile pointi 31.

Hapo mdogo wangu aliniuliza swali zuri: kwa nini nisimpange kwenye mechi ya kirafiki? Kila juma timu ina mechi tatu, mbili za ligi na moja ya kombe au ya kirafiki. Mechi moja ni dakika 48. Mpange namba moja kwenye ya kirafiki tangu mwanzo hadi mwisho, juma lake limetimia, na ligi haijaguswa. Ni kweli kabisa, na ningekuwa na kijana mmoja ningefanya hivyo. Lakini nilikuwa nao watatu. Mechi tatu za juma zinanipa dakika 144 za namba moja. Gawanya kwa 48, unapata watu watatu barabara. Kila mmoja amiliki mechi moja, na mechi mbili kati ya hizo ni za ligi. Ningeweza pia kuchagua zoezi pana linalohusu nafasi mbili kwa pamoja, na hapo nafasi za kujifunza zinakuwa sita, lakini zoezi pana hufundisha polepole zaidi. Mimi nilichagua wachache wajifunze vizuri. Aliyeangukiwa na mechi ya ligi usiku ule ni yule mrefu.

Sasa, kwa nini kumtesa mrefu? Mchezo umejengwa hivi: mfupi hujifunza haraka ujuzi wa nje, mrefu hujifunza haraka ujuzi wa ndani. Mlango wa upande wa pili haujafungwa, ila ni mzito. Mrefu wangu atachukua majuma mengi zaidi kufikia ngazi ya pasi ambayo kijana wa sentimita 185 angeifikia upesi. Meneja mwenye haraka anaona hivyo na kuamua kuufuata mkondo: mrefu afundishwe ya warefu, mfupi ya wafupi, misimu mitatu baadaye una pivoti mkali na namba moja mkali.

Njia hiyo ina gharama yake, nayo inakuja baadaye, kwenye mishahara. Mchezo unakokotoa thamani ya mchezaji katika nafasi zote tano, kisha unamlipa kwa ile nafasi anayoiweza zaidi. Pivoti aliyepandishwa kwa ribaundi na ulinzi wa ndani peke yake anaonekana na kanuni hiyo kuwa lulu, na mshahara wake unapaa kila msimu unapoanza, hadi klabu ndogo haiwezi tena kumlisha. Mchezaji aliyegawanya ngazi zilezile kati ya ndani na nje hana nafasi moja inayong'aa peke yake, kwa hiyo mshahara wake unabaki chini ingawa uwanjani anafanya kazi ya watu wawili. Na hata dari ya kipaji chake, lile neno ambalo mchezo unakupa mapema kuonyesha atafika wapi, inapimwa kwa namna inayofanana na hiyo. Aliyepandishwa upande mmoja hugonga dari mapema, mazoezi yakaanza kumwingia kama maji kwenye chungu kilichojaa. Aliyetawanywa huongezeka kwa muda mrefu zaidi. Klabu isiyo na fedha, ikimlea vizuri mchezaji wa namna hii, inapata nguvu ambayo isingeweza kuinunua sokoni.

Nafasi inayomdai mchezaji huyu zaidi ni namba tatu. Ni nafasi ya katikati: siku moja anamlinda mtupaji mwepesi wa mbali, siku nyingine anabanwa chini na jitu. Ukimpanga hapo juma baada ya juma atajifunza machache, kwa sababu mazoezi mengi mazito ni ya mbele au ya chini. Pasi na ulinzi wa nje vinapatikana namba moja, ribaundi na ulinzi wa ndani vinapatikana namba tano. Namba tatu aliyekamilika analelewa ugenini, kwenye nafasi za wengine, na anarudi nyumbani akiwa mkubwa.

Tuhesabu muda alionao. Kutoka miaka 18 hadi mwisho wa miaka 22 ni misimu mitano, yaani majuma 70. Ujuzi ni wa aina kumi. Ukigawa sawasawa ni majuma saba kwa kila ujuzi. Bila shaka hakuna anayegawa sawasawa. Zoezi moja hugusa pia ujuzi wa jirani, na mwingine kijana amekuja nao tayari. Lakini mimi huiweka ile saba mbele ya macho, kwa sababu inanionyesha jinsi muda ulivyo mfupi. Ukipoteza juma moja kwa kusahau kupanga kikosi, umepoteza sehemu ya saba ya ujuzi mzima.

Na majuma hayo hayafanani uzito. Kijana wa miaka 18 anashika mambo upesi. Kila msimu kasi inapungua. Hapo ndipo nadhani mameneja wengi wanakosea, na mimi nilikosea hivyo kwa miaka. Wanaanza na kile kijana anachokiweza. Ana ribaundi nzuri? Tuiongeze, itatusaidia Jumamosi. Akifika miaka 22 ndipo wanakumbuka pasi, na sasa wanafundisha ujuzi unaopingana na kimo chake, katika umri ambao kasi imeshuka. Mizigo miwili kwa wakati mmoja. Utaratibu unaofaa ni kinyume chake: lile gumu kwa mwili wake lifundishwe kwanza, angali ana kasi. Ribaundi za mrefu hazina haraka. Zitakuja hata akianza kuzifanyia kazi akiwa na miaka 21, kwa kuwa kimo kitamsaidia. Ulinzi wa nje hauna wa kuusaidia, ndiyo maana mimi huanza nao, kisha pasi na kudunda mpira, ndipo nihamie ndani.

Kuna faida nyingine katika kupandisha kwa kuzunguka. Ujuzi unaohusiana huvutana. Ule ulioachwa nyuma na wenzake hupanda haraka unapoanza kufanyiwa zoezi. Ule uliokimbia mbele peke yake huanza kuwa mzito. Anayerudi mara kwa mara kwenye kila upande anasaidiwa na mvutano huo. Anayeng'ang'ania kitu kimoja anapigana nao.

Ila lazima niseme na upande wa pili, kwa sababu nimeona watu wakiichukua hoja hii na kuiharibu. Kiraka, yaani mchezaji wa nafasi nyingi, ambaye ana nusu ya kila kitu hana faida. Namba tatu mwenye ulinzi wa nje wa wastani na ulinzi wa ndani wa wastani anafungwa na wote wawili, mwepesi na mzito. Kutawanya mazoezi kuna maana pale tu ambapo kila tawi linafika kimo cha kufanya kazi katika ligi unayocheza, na hilo ndilo linalomaliza majuma 70. Meneja akichoka njiani, akiwa amefika nusu, atabaki na mchezaji dhaifu kuliko pivoti wa kawaida. Ni heri amlee pivoti.

Niutoe sasa mchezo kwenye simu.

Mwaka 2011 Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi, alichaguliwa wa saba katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA. Mwaka 2015 Emmanuel Mudiay, mzaliwa wa Kinshasa, alichaguliwa wa saba. Mwaka 2021 Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, alichaguliwa wa saba. Wakongo watatu, namba ileile. Lakini tazama kila mmoja alichaguliwa afanye nini. Biyombo alijulikana kwa mechi moja ya vijana huko Portland mwaka huo wa 2011, ambapo alipata pointi 12, ribaundi 11 na kuzuia mitupo 10. Alichaguliwa kama mlinzi wa kikapu, akabaki mlinzi wa kikapu. Kuminga ni mchezaji wa pembeni, mwepesi na mwenye nguvu, ambaye aliondoka Kongo akiwa kijana na kumalizia kukua kwake katika shule za Marekani. Mudiay peke yake ndiye namba moja, mleta mpira. Na Mudiay aliondoka Kinshasa akiwa mtoto mdogo, akalelewa Texas.

Watu watatu hawatoshi kuthibitisha kanuni, najua. Hata hivyo mfuatano huo haunitoki kichwani. Yule ambaye mikono yake ilifundishwa kudunda na kugawa mpira ndiye aliyeondoka mapema zaidi. Mifupa yao imetoka nchi moja, na dakika zao zimetumika mahali tofauti.

Juu yao wote yuko marehemu Dikembe Mutombo, na yeyote anayetetea njia ya ujuzi mmoja ana haki ya kumtaja. Alizaliwa Kinshasa mwaka 1966, utotoni akapenda soka na kudaka golini, akaingia kwenye basketi akiwa amechelewa, akaenda Chuo Kikuu cha Georgetown mwaka 1987 akiwa na nia ya kusomea udaktari. Kimo chake kilikuwa mita 2.18. Akawa mzuiaji wa mitupo: 3,289 katika maisha yake ya NBA, wa pili katika historia nyuma ya Hakeem Olajuwon wa Nigeria, na mara nne mlinzi bora wa mwaka. Hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake ilifunguliwa mwaka 2007. Alipofariki tarehe 30 Septemba 2024, hapa Kisangani hata watu wasiofuata basketi walimlilia. Nani atasema alilelewa vibaya?

Sisemi hivyo. Mtu wa mita 2.18 aliyeanza amechelewa hakuwa na majuma 70 ya kuzunguka. John Thompson, kocha wake pale Georgetown, alimfundisha kile ambacho muda ulitosha kukifundisha, na akakifundisha hadi mwisho. Tatizo langu ni kwamba tumemchukua Mutombo kuwa kipimo cha kila mtoto mrefu. Na hapa kuna jambo ambalo mchezo wa simu ulinifungua macho nilione. Mrefu wa mtaa si mrefu wa ligi. Mvulana wa miaka 15 pale Mangobo akiwa na mita 1.90 ndiye mrefu kuliko wote, basi anawekwa chini ya kikapu, mikono juu, "usidunde, toa mpira!" Anaambiwa hivyo miaka mitatu. Kisha anaacha kukua, amefika mita 1.95. Katika klabu kubwa, iwe Lubumbashi, Kinshasa au nje ya nchi, kimo hicho ni cha namba mbili au tatu. Wanamtazama na kuona mwili wa namba tatu wenye mikono ya pivoti: hawezi kudunda akibanwa, hajui kumlinda mwepesi, mtupo wake unaishia mita mbili kutoka kikapuni. Hakuna nafasi ya kumweka. Miaka mitatu ya dakika zake imetumika kumfundisha kazi ya mtu mwenye sentimita 15 ambazo yeye hakuzipata, na hakuna aliyekuwa na ubaya naye. Kocha alitaka kushinda Jumapili.

Upande wa wanawake tunayo historia ambayo naona inazungumzwa kidogo mno. Timu ya taifa ya wanawake ya Zaire ilikuwa bingwa wa Afrika mwaka 1983, 1986 na 1994, na mwaka 1996 ikacheza Olimpiki ya Atlanta. Katika kizazi hicho alikuwamo Mwadi Mabika, mzaliwa wa Kinshasa mwaka 1976, kimo chake kama mita 1.80. Alijiunga na Los Angeles Sparks mwaka 1997, msimu wa kwanza kabisa wa WNBA, akawa bingwa nao mwaka 2001 na 2002. Alicheza mbele na pembeni, alitupa kutoka mbali, alipenya, alilinda. Msichana wa mita 1.80 kwenye uwanja wa mtaa ni jitu, na angeweza kabisa kukomea chini ya kikapu. Ninapotafuta mfano wa kuwaonyesha wasichana wetu, huanza na yeye.

Nje ya Kongo mfano unaofanana mno na majuma yangu ya kupoteza ni wa Giannis Antetokounmpo, mtoto wa wazazi wa Nigeria aliyekulia Athens. Ana mita 2.11. Mwanzoni mwa mwaka 2016, akiwa na miaka 21, kocha wake Jason Kidd wa Milwaukee alimkabidhi mpira aulete mbele, kama namba moja. Kidd mwenyewe alikuwa namba moja mkubwa, alijua anachokitoa. Msimu ule Milwaukee walimaliza na ushindi 33 na kushindwa 49. Msimu ulikuwa umeshaharibika. Badala ya kuokoa mechi mbili tatu, walizitumia dakika zilizobaki kumfundisha mrefu kazi ya mfupi. Mwaka 2019 na 2020 Giannis alikuwa mchezaji bora wa ligi, na 2021 wakawa mabingwa. Wengine watamtaja Magic Johnson, namba moja wa mita 2.06, ambaye tarehe 16 Mei 1980, Kareem Abdul-Jabbar akiwa ameumia kifundo cha mguu, alianza fainali katika nafasi ya pivoti akiwa na miaka 20 na kupata pointi 42, ribaundi 15 na pasi za kufungia 7. Watu husimulia usiku ule kana kwamba ni muujiza. Mimi huona ni malipo ya miaka ambayo makocha wake walimwacha mtoto mrefu kuliko wote awe na mpira mkononi.

Kuna jambo moja ambalo mchezo wa simu hauwezi kulionyesha, nalo ndilo kubwa kuliko yote. Kijana wangu wa sentimita 203 alipofungwa kwa pointi 31 hakuona aibu. Hana rafiki aliyemcheka, hana mama aliyekuja kutazama. Mtoto wa kweli akinyang'anywa mpira mara tatu mfululizo, mara ya nne anautoa haraka kabla hata hajabanwa, na kuanzia hapo hajifunzi tena kudunda; anajifunza kuuogopa mpira. Dakika anazo, faida haipo. Kwa hiyo kocha anayempeleka mtoto kwenye nafasi isiyo yake lazima abebe aibu ile kwa niaba yake: awaambie wenzake kabla ya mechi kwamba huyu ataleta mpira leo, atapoteza, na kupoteza huko nimekuruhusu mimi.

Ninaandika hivi kwa sababu siku za Jumamosi asubuhi nasaidia kikundi cha watoto, wavulana na wasichana, kwenye uwanja wa saruji. Mipira tunayo michache. Wengine wanatoka Lubunga, wanavuka mto kwa mtumbwi, na mvua ikinyesha hawafiki. Kisangani iko zaidi ya kilomita 1,700 za mto kutoka Kinshasa, na watafutaji wa vipaji hawapiti hapa kila mwezi. Mtoto wa kwetu anaweza kuonwa mara moja tu maishani mwake, kwa saa mbili, na mtu asiyemjua. Siku hiyo atakayeonekana ana mikono, macho na miguu ya nafasi zaidi ya moja ana milango zaidi ya mmoja. Mrefu wa ribaundi peke yake ana mlango mmoja, na atakuta mbele yake warefu zaidi yake wamejipanga.

Kwa hiyo tumeweka utaratibu. Robo ya kwanza ya kila mechi yetu, warefu wawili kuliko wote wanacheza namba moja na mbili, na wafupi wawili wanakwenda chini kujifunza kukinga mwili na kugombea ribaundi. Robo tatu zilizobaki kila mtu anarudi anapopaweza. Ni chini sana ya dakika 48, lakini ni kila juma. Msichana mrefu kuliko wote ana miaka 13. Jumamosi iliyopita alipoteza mpira mara sita katika robo hiyo moja, na tulianza robo ya pili tukiwa nyuma kwa pointi 14 ambazo hatukuzirudisha. Mama yake alinifuata mechi ilipoisha, kwa upole lakini hakufurahi.

"Kocha, mutoto wangu chini anaweza. Ju ya nini munamuhangaisha pale mbele?"

Nilimwambia, "Mama, mtoto wako bado anakua, hatujui ataishia wapi. Chini nitamrudisha, usiwe na wasiwasi. Niachie majuma saba."

Akauliza yamebaki mangapi. Yamebaki manne.